Viputo kwenye chujio la tangi la samaki: Chanzo chake na namna ya kuvikomesha

VIPUTO vya hewa vinavyotoka kwenye bomba la chujio la tangi la samaki huchukuliwa na wengi kuwa ni pambo, au ishara kwamba samaki wanapata hewa ya kutosha. Hata hivyo, viputo vinavyoendelea kwa zaidi ya siku mbili tangu chujio lisafishwe ni dalili kwamba kuna mahali chombo kinavuta hewa pamoja na maji. Hasara yake huonekana siku umeme unapokatika na kurudi.

Chujio linalohusika zaidi na tatizo hili ni lile la mtungi, ambalo hutumiwa kwenye matangi makubwa ya majumbani, hotelini na maofisini. Ni chombo chenye mfuniko unaobana, kinachowekwa chini ya tangi, mara nyingi ndani ya kabati.

Maji hushuka humo kupitia bomba la kuvuta, kwa kanuni ile ile anayoitumia fundi anapohamisha mafuta ya gari kwa mpira. Yakiwa ndani hupita katika sponji na vipande vya udongo wa kuchomwa vyenye matundu mengi, kisha pampu yenye pangaboi dogo huyasukuma kurudi tangini.

Kazi ya chujio haiishii katika kukamata uchafu unaoonekana. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi chao, na amonia ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi juu ya sponji na vipande hivyo huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji oksijeni, nayo huletwa na maji yanayopita bila kukoma.

Hewa inayojikusanya ndani ya mtungi huchukua nafasi ya maji. Pangaboi lililoundwa kusukuma maji haliwezi kusukuma hewa ipasavyo, hivyo mtiririko hupungua na pampu huanza kukoroma. Hewa ikizidi, pampu huzunguka bila kusukuma chochote, na kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha, huweza kupata moto na kuharibika.

Mahali hewa inapoingilia

Wafugaji wengi hutafuta tatizo mahali pasipo penyewe. Mtungi, kwa kuwa uko chini ya usawa wa maji ya tangi, hubeba uzito wa maji yaliyo juu yake. Tundu likitokea hapo, kwa kawaida maji hutoka nje na sakafu hulowa.

Sehemu inayovuta hewa kwa urahisi ni ile ya bomba la kuvuta inayopanda juu ya ukingo wa tangi. Katika pindo hilo shinikizo la maji ni dogo kuliko la hewa ya nje, kwa hiyo ufa mwembamba usiotoa hata tone moja huweza kuingiza hewa mchana na usiku. Anayesubiri kuona maji yakidondoka ndipo ajue pana ufa, anaweza kusubiri wiki nzima bila mafanikio.

Hali hubadilika pale kichwa cha bomba la kuvuta kinapozibwa na majani au uchafu. Pampu huendelea kuvuta wakati maji hayaji ya kutosha, shinikizo ndani ya mtungi hushuka, na hata raba ya mfuniko iliyochoka huweza kuruhusu hewa kupita. Ndiyo sababu chujio chafu hutoa viputo ingawa viungo vyake vyote vinaonekana kuwa sawa.

Ukaguzi kwa mpangilio

Hatua ya kwanza ni kuondoa sababu zilizo nyepesi. Kama kuna jiwe la hewa tangini, lizimwe kwa nusu saa. Viputo vikikoma, ina maana bomba la kuvuta lilikuwa linameza viputo vya jiwe hilo, na dawa ni kuvitenganisha.

Pili, utazamwe usawa wa maji. Katika miji yenye joto maji ya tangi hupungua haraka kwa kugeuka mvuke. Yakishuka na kukaribia kichwa cha bomba, hutokea mzunguko mdogo wa maji unaovuta hewa kutoka juu. Kuongeza maji hutosha kumaliza tatizo.

Tatu, mfugaji akumbuke chujio lilifunguliwa lini. Baada ya kusafishwa, hewa hubaki katika matundu ya sponji na vipande vya udongo, na hutoka kidogo kidogo kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Kuuinamisha mtungi taratibu upande mmoja na mwingine husaidia kuitoa. Aidha, maji mapya ya bomba huja na gesi iliyoyeyuka ndani yake, ambayo hujitokeza kama viputo vidogo mno juu ya vioo na kutoweka yenyewe.

Nne, ikiwa viputo bado vipo, yakaguliwe maungio yote ya bomba la kuvuta yaliyo juu ya maji, kimoja baada ya kingine. Kitambaa kilicholoweshwa maji safi kizungushwe kwenye kiungo kwa dakika chache. Viputo vikipungua au kukoma, ufa uko hapo. Maji ya sabuni, ambayo mafundi huyatumia kutafuta tundu kwenye tairi, hayafai hapa, kwa kuwa yatavutwa ndani na kuwadhuru samaki.

Mpira uliokakamaa kwenye kiungo unaweza kukatwa sentimita mbili za mwisho na kuchomekwa upya, mradi urefu unatosha, kisha kubanwa kwa kibano. Bomba la plastiki lenye ufa libadilishwe, kwani gundi hushindwa haraka mahali penye unyevu na mtikisiko.

Tano ni raba ya mfuniko, ambayo mafundi huiita oringi. Itolewe, isafishwe pamoja na mfereji inamokaa, kwani chembe moja ya mchanga hutosha kuizuia isibane. Ikiwa imepasuka au imebonyea, inunuliwe nyingine. Ikiwa nzima, ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaepukwe, kwa kuwa yanatokana na petroli na huweza kuvimbisha baadhi ya aina za raba.

Kabla ya lolote kati ya hayo, plagi ichomolewe ukutani. Vilevile waya wa pampu uachwe ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Kupima badala ya kukisia

Hali ya chujio inaweza kupimwa kwa ndoo na saa. Bomba la kurudisha lielekezwe kwenye ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa dakika mbili, chujio linasukuma lita 300 kwa saa. Kipimo hicho kichukuliwe na kuandikwa mara tu chujio linapokuwa safi, kisha kirudiwe kila mwezi, na maji yarudishwe tangini. Tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi haifai kulinganishwa nayo, kwa sababu mara nyingi hupatikana pampu ikiwa haina mzigo wa sponji wala kimo cha kupandisha.

Sponji inayopunguza mtiririko isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini. Klorini iliyomo katika maji ya bomba ya mjini huua bakteria, na anayeiosha moja kwa moja chini ya bomba huweza kubaki na sponji nyeupe na tangi lenye sumu.

Umeme unapokatika

Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wanajua adha ya kukatika kwa umeme. Nchini Tanzania mgawo mkali ulitokea mwaka 2006 na tena mwaka 2011. Hapo ndipo ufa mdogo huonyesha ukubwa wake. Pampu ikisimama, hewa inayoingia hujikusanya kwenye pindo la juu la bomba. Umeme ukirudi, hewa yote huvutwa mara moja hadi kwenye pangaboi, na pampu hukwama ikinguruma. Mwenye nyumba aliyelala au aliyeko kazini husikia mngurumo baadaye mno, au hausikii kabisa.

Wakati huo oksijeni iliyomo ndani ya mtungi huwa inakwisha. Maji yenye joto la nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na kiasi hicho hupungua kadiri joto linavyopanda. Umeme ukikosekana kwa saa nyingi, bakteria huanza kufa na maji yaliyofungiwa hunuka kama yai viza. Maji hayo yasirudishwe tangini. Mtungi ufunguliwe, maji yamwagwe, sponji zisuuzwe, ndipo pampu iwashwe.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya sikilidi, walio ndugu wa sato na perege. Samaki hao wamezoea maji yenye alikali nyingi, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake yenye sumu kali. Kiasi ambacho samaki wa maji yasiyo na alikali wangekistahimili huweza kuwaua.

Dalili za hatari ni samaki kupanda juu na kuhema mdomo ukiwa usawa wa maji, kuchezesha mashavu kwa kasi na kukataa chakula. Zikionekana, chakula kisimamishwe, robo hadi nusu ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi, na jiwe la hewa liwashwe, hata kwa pampu ya betri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye tangi, ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele, na raba ya kuuziba hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na pampu mpya, achilia mbali samaki waliolelewa kwa miaka.