Mawe ya Kaole na Elimu ya Historia

Wazazi wengine huuliza: Kijana aliyefika kidato cha tano, yamfaa nini kusoma Historia, habari za waliokwisha kufa? Twawajibu kwa magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Pana misikiti miwili, na makaburi ambayo nguzo zake zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mawe hayana mdomo. Lakini mwaka 1958 Chittick alichimba pale, na vigae vikashuhudia biashara ya ng'ambo kabla Wareno hawajafika mwaka 1498. Ndivyo ajifunzavyo mwanafunzi: husikiliza masimulizi ya wazee kwa heshima, huyapima kwa ushahidi, ndipo huamini. Aliyezoea kazi hiyo hadanganywi upesi na uvumi. Basi, wazazi, tusiwazuie.