Somo, Kungwi na Ssenga

Wako wanaodai kwamba elimu ya mwili na uzazi ililetwa Afrika Mashariki na zahanati na shule. Sisi hatulikubali dai hilo, na shahidi wetu wa kwanza ni lugha yenyewe. Mwanafunzi akisema "somo langu", anataja funzo la darasani. Akisema "somo yangu", anamtaja mtu: wajina wake, rafiki wa moyoni, au yule mwanamke aliyemfunda siku alipovunja ungo. Lugha isingalimwekea mwalimu huyo jina, wala tukio hilo msemo wa staha, kama kazi yenyewe isingalikuwapo.

Huko pwani somo alimwangalia mwali wake mmoja, na kungwi akaongoza unyago. Desturi hizo zimeelezwa katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoaji mkuu wa habari zake alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwalimu mwenzetu, kwani tangu 1900 alisomesha Kiswahili mjini Berlin. Katika Mombasa na Unguja unyago ulistawishwa hasa na wanawake wenye asili ya bara, wengi wao walioletwa katika utumwa au wazao wao. Waliokosa cheo mjini wakawa walimu wa jambo ambalo mabibi wa mji hawakuweza kulikosa. Unguja mwalimu mashuhuri wa mwisho mwisho alikuwa Fatma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013.

Kungwi alifundisha kwa ngoma, nyimbo na mafumbo: usafi wa hedhi, mambo ya unyumba, adabu kwa mume na wakwe. Njia yake ya kufundisha ingefaa kuonewa wivu na walimu wengi wa leo. Walakini mafunzo yenyewe yalimwelekeza mwali kwa mume tu, na aliyevunja ungo aliweza kuozwa angali mtoto.

Huku Uganda, kwa Baganda, kazi hiyo ilikuwa ya ssenga, ndiye shangazi. Haikupasa mama kuyatamka hayo mbele ya bintiye. Dada wa baba aliyatamka bila haya. Utaratibu huo ulitegemea ukoo kukaa karibu. Binti alipopelekwa shule ya bweni, na baba kuhamia mjini kutafuta kazi, ssenga alibaki kijijini na maneno yake.

Pengo hilo lilijazwa kidogo kidogo. Chama cha uzazi wa mpango kilianzishwa Uganda mwaka 1957, na kingine Dar es Salaam mwaka 1959. Nayo serikali ya Kenya ilianza mpango wa taifa mwaka 1967. Chama cha Dar es Salaam ndicho kilichokuja kuitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo tunalisifu: aliyesikia "malezi bora" hakudhani kwamba anakatazwa kuzaa.

Kisha ukaja ukimwi. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaugua, akazunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana, na mwezi wa Disemba mwaka huo huo akafariki. Mwaka 1993 likaanzishwa Kampala gazeti la vijana, Straight Talk, lililojibu maswali yao waziwazi. Walimu hawa wapya hawakuweza kungoja arusi, wala fumbo halikuwafaa, maana asiyelifumbua aliweza kufa. Ndipo neno "ngono", lililoepukwa mbele ya wakubwa, likaingia katika mabango na vitabu.

Hata hivyo wale wa kale hawakutoweka. Dar es Salaam kungwi hualikwa kwa malipo kumfunda bibi arusi. Kampala wako wanaofundisha kwa ujira, na wengine husikika redioni. Nao huitwa ssenga vilevile, ingawa wanaowasikiliza si mabinti wa kaka zao.