Mgongo wa maksai

Mgongo wa maksai ni sehemu ya mwili wa ng'ombe dume aliyehasiwa, kuanzia nyuma ya shingo hadi shina la mkia. Kwa mnyama wa kazi, hiyo ndiyo njia ambayo nguvu ya miguu ya nyuma hupitia hadi kufika kwenye nira. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, ambako wakulima wengi hulima mahindi, maharage, ulezi na ngano kwa maksai na plau, namna mgongo unavyocheza mnyama akitembea huonyesha mapema kama anavuta vizuri au anaumia.

== Muundo ==
Uti wa mgongo wa ng'ombe una pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 6 za kiuno na 5 za nyonga zilizoshikana kuwa mfupa mmoja, kisha zile za mkia. Farasi ana pingili 18 za kifua, na kila moja hubeba jozi ya mbavu.

Ng'ombe, kama farasi na punda, hana mtulinga. Hakuna mfupa unaounganisha miguu ya mbele na kifua; kifua kimening'inia kati ya mabega kwa misuli, mfano wa mgonjwa kwenye machela. Kano kubwa hutoka kisogoni, hupita juu ya shingo na kuendelea mgongoni. Mnyama akiinamisha kichwa, kano hiyo hukazwa na kusaidia kuinua mgongo. Akiinua kichwa sana, mgongo hubonyea katikati.

Nundu ya zebu si mfupa. Ni misuli na mafuta, na nira hukaa mbele yake, si juu yake.

== Mwendo ==
Maksai hutembea kwa mapigo manne, kila mguu kwa zamu yake. Mguu wa nyuma unapokwenda mbele, nyonga ya upande huo husogea nao, kiuno hupinda kidogo na tumbo huyumba upande wa pili. Ukisimama nyuma ya maksai mwenye afya utaona mkia ukining'inia bila kukazwa na kuyumba kulia na kushoto kwa kufuata hatua. Mguu wa nyuma hukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele au karibu nayo.

Anapovuta mzigo, huteremsha kichwa, husukuma ardhi kwa miguu ya nyuma na kuegemea nira. Mgongo hukazika lakini haugandi. Hatua zikiwa fupi, mkia ukibanwa, mgongo ukibonyea au ukitunishwa kama upinde, kuna maumivu au mzigo umezidi. Mara nyingi chanzo ni anayeongoza mbele, ambaye huvuta kamba juu na kukinyanyua kichwa cha mnyama. Mara nyingine kazi hiyo hupewa mtoto, ambaye huenda hajaelezwa kwamba kamba inapaswa kulegea.

== Ulinganisho na farasi na punda ==
Elimu kubwa kuhusu migongo ya wanyama wa kazi ilitokana na farasi, hasa katika dresaji, yaani mafunzo na mashindano ambamo farasi hufanya miondoko maalumu kwa ishara ndogo za mpandaji. Humo farasi hutakiwa kuinua mgongo chini ya mpandaji kwa kukaza misuli ya tumbo na kuingiza miguu ya nyuma chini ya mwili. Mpandaji akimvuta mdomo kwa nguvu, mgongo hubonyea na hatua hufupika. Tofauti ni kwamba farasi wa dresaji hubeba, maksai huvuta. Farasi ni wachache Afrika Mashariki, kwa sababu nagana inayoenezwa na mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika huwaua.

Punda hana nundu, na mifupa ya juu ya mabega yake iko karibu na ngozi. Kumfunga nira ya ng'ombe, jambo linaloonekana sehemu nyingi za Tanzania, ni kumwumiza. Yeye huhitaji mkanda mpana wa kifuani au kola. Akibebeshwa mizigo, iwekwe pande mbili juu ya matandiko ili uti wa mgongo wenyewe usiguswe.

== Nira, mnyororo na mzigo ==
Nira nzuri ni ya mti mnene uliolainishwa na kuviringwa mahali pa shingo. Mti mwembamba hukata. Maksai wa jozi wanapaswa kulingana kimo, la sivyo nira hulala upande. Mnyororo mfupi mno huteremka kwa mwinuko mkali kutoka kwenye nira hadi kwenye plau, na sehemu ya nguvu hugeuka kuwa uzito unaokandamiza shingo. Kuurefusha hupunguza uzito huo.

Kwa kazi ya saa kadhaa, maksai huweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi yenye kilo 600 kwa pamoja itavuta takriban kilo 60. Plau katika udongo mkavu na mgumu huweza kudai zaidi ya hapo.

Hapo ndipo penye tatizo la Ufipa. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Kiangazi nyasi hukauka, hivyo maksai huwa wamekonda zaidi ya wakati wote mvua za kwanza zinapoanza na plau zinapotakiwa. Kukonda huonekana kwanza kiunoni: misuli ya pande mbili za uti hupungua, na ncha za pingili huhesabika kwa vidole. Maksai wa namna hiyo huchoka upesi na nira humchubua. Ngozi iliyolowa mvua huchubuka haraka zaidi.

Wenye kuweka mabua ya mahindi na maharage baada ya mavuno, na kuwalisha maksai kuanzia Septemba, huingia shambani na wanyama wenye misuli. Wengine husubiri majani mapya, na hulima wakiwa wamechelewa. Kidonda cha shingo kikishatokea, maksai hupumzishwa hadi ngozi ipone, hata kama ni katikati ya msimu. Akifungwa nira juu ya kidonda hunyanyua kichwa kukwepa maumivu, na mgongo hubonyea tena.