Ziwa Lisilokupwa

Mwezi uliopita nilipewa kijitabu cha kutafsiri. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wenye boti ndogo za matembezi, zile zenye kijichumba cha kulala watu wawili, jiko dogo la gesi na injini nyuma. Kila mwaka, kabla maji hayajaganda, wenyewe huzitoa ziwani, huzipakia kwenye tela, huzivuta kwa gari hadi nyumbani na kuzifunika turubai. Miezi ya baridi huipitisha wakipiga msasa, wakipaka rangi, wakikamua maji yote ndani ya injini yasije yakaganda na kuipasua. Jioni hupangiana safari: tela litaelekea ziwa gani mwaka huu, na nani ataongozana na nani.

Kazi ilinikwama kwenye sentensi ya kwanza. Lugha yao ina kitenzi kimoja cha shughuli hiyo yote, kilichotokana na jina la majira yenyewe. Mimi nilikuwa na sentensi nzima yenye maneno tisa, na bado haikutosha.

Nilianzia pwani, maana ndiko kamusi zetu nyingi zinakoanzia katika mambo ya vyombo. Pwani kuna kupweleka. Maji yanapokupwa, chombo kilichotiwa mahali palipochaguliwa hukalia mchanga chenyewe. Huegemezwa magogo, na fundi huwa na saa chache za kulihudumia tumbo lake kabla maji hayajajaa tena. Tazama ukoo wa neno hilo: kupwa, pwani, kupwelewa, kupweleka. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Anayetaka kupweleka chombo kikubwa hungoja siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali zaidi, wala hatafuti watu arobaini wa kukivuta. Ameiajiri bahari.

Baada ya hapo maneno yanakuja kwa mfululizo. Tumbo la chombo huchomwa kwa makuti yanayowaka ili kuua wadudu watobozi wa mbao na kuunguza magamba. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ukiipata mara moja huisahau maisha. Za chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Palipooza hukatwa na kutiwa hasho, kipande cha ubao kinachokaa kwenye tundu kana kwamba kilizaliwa nalo. Kazi ikiisha, chombo hushuliwa. Kushua! Kitenzi kizima cha kurudisha chombo majini, na ni wangapi kati yetu bado wanakitumia?

Nikawa na maneno mazuri kiasi hicho, nikaenda nayo Kashozi, karibu na Bukoba.

Kashozi ni kilima, na jina lenyewe linasema hivyo kwa Kihaya: akashozi, kilima kidogo. Wamisionari Wakatoliki waliotokea Buganda mwaka 1892 walijenga misheni yao huko juu. Ukishuka upande wa mashariki, migomba na mibuni inakuachia nyasi na mawe, kisha ziwa. Mwaloni, mahali boti zinapofikia, nilimkuta mzee ameketi juu ya boti iliyolazwa kifudifudi, miguu haigusi ardhi. Nilimwamkia, nikaketi, nikamuuliza huku kwao wanapweleka boti lini.

"Tunafanya nini, waitu?"

Nikamweleza: maji yakikupwa, boti ikabaki mchangani. Alilitazama ziwa, kisha akanitazama mimi kwa huruma ya mwalimu anayempenda mwanafunzi mzito.

"Hili halikupwi, mwanangu."

Bila shaka halikupwi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi hauna nguvu ya kulivuta likaonekana limekwenda na kurudi. Maji yake hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda zaidi ya mita mbili, yakala mashamba na nyumba, wala hayakushuka jioni ile. Pasipo kupwa hakuna pwani, na pasipo pwani hakuna kupweleka. Neno langu lilikuwa zima kabisa, ila nimelifikisha mahali ambapo halina kazi.

"Sisi tunapandisha," mzee akasema. "Tunapandisha, tunatengeneza, tunashusha."

Kupandisha na kushusha. Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyaona maskini mbele ya yale ya pwani; mtu hupandisha bei, hupandisha bendera. Sasa nimebadili mawazo. Pale mwaloni neno hilo lina uzito wa boti yenyewe. Vigogo vinne vya mviringo hutandikwa, watu wanajipanga ubavuni, mmoja anaimbisha, na mbao nzito zilizokunywa maji wiki tatu zinapanda mteremko hatua kwa hatua. Kigogo cha nyuma kikiachwa, mtoto anakichukua mbio na kukileta mbele. Hakuna bahari iliyoajiriwa hapo. Kila shubiri ya kupanda imelipiwa kwa mabega, na kitenzi kinasema hivyo bila kuficha.

Nikamuuliza swali langu la pili, lile la majira. Huku hakugandi kitu. Bukoba mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ubaridi wa Juni na Julai hauzidi wa kuvaa sweta asubuhi. Basi boti zinapumzika lini?

"Mbalamwezi."

Kamusi itakwambia mbalamwezi ni mwanga wa mwezi, na mshairi atakubali. Mwaloni mbalamwezi ni msimu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huelea juu ya maji, dagaa hujikusanya kwenye mwanga, wavu huwazunguka. Mwezi ukikua hadi kulijaza ziwa lote mwanga, taa haina tena cha kuwaitia. Dagaa wametawanyika, kila mahali panang'aa. Boti hurudi, wavuvi huenda nyumbani kuona wake na watoto, nyavu hushonwa, mbao huzibwa. Wavuvi wa sangara hawana mapumziko hayo, kwa kuwa ndoano na nyavu zao hazitegemei taa. Lakini kwa mtu wa dagaa mwezi wa kalenda umegawanyika sehemu mbili tu, giza na mbalamwezi, na husema "tuko mbalamwezi" kama mwingine asemavyo tuko kipupwe. Mzee alinihesabia umri wa boti aliyokalia kwa magiza.

Nilifurahi sana. Nilikuwa natafuta majira ya baridi, nikapewa kitu kilicho bora zaidi: mapumziko yanayokuja kila mwezi, yanayotangazwa na anga lenyewe, ambayo hata mtoto wa darasa la pili anajua yameanza. Na mwezi ule ule! Pwani mwezi ukijaa huleta bamvua, na bamvua humpa fundi nafasi ya kupweleka. Ziwani mwezi ukijaa huwafukuza dagaa, na kufukuzwa huko humpa fundi nafasi ya kupandisha. Njia ni mbili, fundi anafika siku ile ile na nyundo yake. Sikuwahi kuliona hilo kabla ya mchana ule, na sidhani nitautazama mwezi mpevu tena bila kusikia nyundo.

Mwenye boti mwaloni huitwa tajiri. Usidhani ni dhihaka, wala si kwamba amelimbikiza fedha. Wapo matajiri wanaodaiwa mafuta ya injini mpaka dukani kwa jirani. Neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya mfanyabiashara, na zamani katika Kiswahili lilimaanisha mtu mwenye mtaji ambaye wengine hufanya kazi chini yake. Mijini tumelibakiza kwa mwenye pesa tu. Mwalo umeitunza maana ya kale bila kuambiwa na mtu.

Siku hiyo matajiri watatu walikuwa wamekaa kivulini wakifanya kile kile kilichoelezwa katika kijitabu changu: kuangaliana vifaa na kupangiana safari. Mmoja alikuwa amefungua injini yake juu ya gunia, plagi zimepangwa kwenye kifuniko cha ndoo. Kamusi inataka niseme alikuwa anakagua rafadha. Yeye alisema pangaboi. Lilikuwa limegonga jiwe, ncha moja imepinda, naye alipitisha dole gumba ukingoni kama mtu anayepima makali ya kisu. Sitagombana na rafadha, ni neno zuri. Lakini katika pangaboi nasikia panga, nasikia kinachokata maji kwa kasi, na vidole vya mtu yule vilikuwa vinakubaliana na masikio yangu.

Mwingine alikuwa na mpango wa kuihamishia boti yake upande wa Muleba, karibu zaidi na visiwa, giza litakapoingia. Kwa maji ni mbali na mafuta ni ghali, hivyo angekodi fuso. "Boti itapanda gari," akasema, na injini itatangulia kwa bodaboda. Nilipenda mpangilio huo wa dunia: watu hupanda boti, boti ikapanda gari, injini ikapanda pikipiki. Nikamuuliza kuhusu tela. Analijua, la kuvutwa na trekta na la nyuma ya lori, ila tela lililotengenezwa kwa umbo la boti moja hajalihitaji. Fuso hubeba boti leo na ndizi kesho.

Hata hivyo ziwa hili lilikwisha pokea boti iliyokuja kwa nchi kavu, zamani sana. Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka Bagamoyo na boti iitwayo Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa vipande vya kuungwa, urefu wake futi 40. Vipande vilikuwa vizito kupita kiasi, ikabidi vipunguzwe Zanzibar kabla ya safari. Wapagazi wakavifikisha Kageyi, kusini mwa ziwa, Februari 1875. Kiswahili kina neno la mzigo unaoning'inia kwenye mti kati ya mabega ya watu wawili: mzegazega. Nikilisikia sasa naona mbao zile zikipita porini, mbele mtu, nyuma mtu. Aprili boti ilifika Bumbire, kisiwa ambacho leo kimo wilaya ya Muleba; ukazuka ugomvi, na Agosti Stanley akarudi kuwamiminia risasi watu wa kisiwa waliosimama ufukweni. Siwezi kuitaja boti hiyo nikalipita hilo. Mwaka 1877 iliachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, Kongo.

Kageyi yenyewe Stanley alimkuta mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, ambaye alikuwa akijenga jahazi Ukerewe. Huyo ananivutia kuliko Stanley. Mtu hajengi jahazi bila mafundi, na mafundi hawaji bila maneno yao. Wakati mwingine nafikiri kalafati ilipanda hadi ziwani katika mifuko ya watu wa namna yake.

Kalafati ni neno lililosafiri. Waarabu wanalo, Wareno wanalo, Wafaransa wanalo, bandari zote za Mediterania zinalo kwa sura moja au nyingine, na hapa, mita 1,100 juu ya bahari, lilikuwa linafanyika mbele yangu. Fundi alichukua pamba, akaisokota kwa viganja mpaka ikawa kamba nyembamba, akailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili. Kisha patasi butu na nyundo: pigo moja, anasogea kidogo, pigo jingine. Alikuwa hasikilizi mazungumzo yetu, anasikiliza mlio. Pamba ikiwa haijashiba, mlio huwa mpana. Ikishiba, ubao hujibu kwa sauti fupi na kavu. Alirudi nyuma mara mbili kwa sababu ya sauti ambayo mimi sikuitofautisha. Aliponiona namwangalia akasema, "Kalafati ni sikio," akaendelea.

Maji baridi ya ziwa hayana yule mtobozi wa baharini, kwa hiyo sifa na shahamu hazikuhitajika kupanda huku. Adui ni jua na kuoza. Na sasa zinakuja boti za faiba, nyepesi, zisizo na ufa wa kujaza wala ubao wa kutia hasho. Sitawaombea wavuvi waendelee kufua maji usiku kucha kwa ajili ya kunifurahisha mimi na maneno yangu. Ninachotaka ni kwamba kabla fundi yule hajastaafu, mtu akae naye mbalamwezi mbili au tatu na daftari, ayaandike anayoyasema pamoja na mlio wenyewe, na kamusi ipokee mbalamwezi ya mwaloni, tajiri wa mwaloni, kupandisha na kushusha, kwa haki ile ile iliyoyapokea kupweleka na kushua. Kwenye kijitabu nimeandika kupandisha boti. Mhariri aliniuliza kama hilo ndilo neno. Nikamjibu ndilo.

Jioni walishusha boti moja iliyokuwa imekaa juu tangu mbalamwezi iliyopita. Ilipogusa maji, mishono yote ikaanza kutokwa jasho, kisha vijito vyembamba vikaingia ndani. Nikainama kutafuta kopo la kufua maji. Mzee akanishika mkono.

"Mbao zimekauka," akasema. "Iache kwanza inywe."

Tukakaa ukingoni, tukaiacha inywe.