Tarehe ya Kurudi: Miadi ya Matibabu Kasulu na Kibondo

Buba ndiyo iliyowafundisha watu wengi wa Tanganyika kupanga foleni ya sindano. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, idara yake ya tiba ikiwa chini ya Dkt. John Shircore, ilianza kufungua zahanati ndogo za tawala za wenyeji. Msimamizi wa zahanati alikuwa dresa, aliyefundishwa kusafisha vidonda, kugawa dawa na kujaza daftari. Vidonda vya buba vilikauka kwa sindano chache, na sifa za sindano hiyo zikasambaa kijiji hadi kijiji. Jina la mgonjwa liliandikwa akishafika. Aliyewahi alihudumiwa kwanza.

Katika milima ya Uha, zilipo Kasulu na Kibondo, malale yaliupa utaratibu huo wa sindano sura nyingine. Kuanzia 1933 serikali iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja, ili pori lifyekwe na mbung'o wapungue. Waliougua walitibiwa kwa sindano za mfululizo, na kozi ilichukua wiki kadhaa. Mgonjwa hakuulizwa siku ipi inamfaa. Mtama ukiiva, ndege wakiuvamia, hayo yalikuwa yake. Nani anapanga siku: hilo ndilo la kuangalia katika historia hii, kuliko chombo kinachoitangaza.

Baada ya Uhuru vikaja vijiji vya ujamaa vya miaka ya mwanzo ya 1970, na zahanati nyingi zaidi, huku hospitali za misheni za Kabanga na Heri zikiendelea kupokea wagonjwa wa mbali. Kukaota mizizi utaratibu ambao kila mama anaujua: siku ya kliniki. Wajawazito siku yao, watoto siku yao. Mtoto anatundikwa kwenye mzani, anachomwa chanjo, na muuguzi anaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi. Anayetoka mbali anaondoka usiku, au anafika jana yake na kulala kwa ndugu.

Kadi hiyo haisifiwi inavyostahili. Haihitaji umeme wala salio, na muuguzi wa kituo kingine anaisoma bila kumpigia mtu simu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa 1977 kwa msaada wa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, uliegemea karatasi za namna hiyo: kadi ya mgonjwa, rejista ya wilaya na dawa zinazomezwa mbele ya mhudumu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wa DOTS dhidi ya kifua kikuu katika miaka ya 1990, lilikuwa linaeneza mambo yaliyojaribiwa Tanzania. Kliniki za VVU, zilizoanza kutoa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, nazo zikashika kadi yenye tarehe.

Karatasi ina udhaifu wake: haiwezi kumfuata mtu. Tarehe ikibadilika, au chanjo ikiisha, aliyetembea saa tatu anajua akishafika mlangoni. Pengo hilo lilizibwa na mhudumu wa jamii, mbiu, na redio. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi, ilisikika mpaka Kasulu na Kibondo, na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilitegemea sana matangazo ya sauti.

Simu iliingia kwa mlango huohuo wa kukumbusha. Novemba 2012 ilizinduliwa huduma ya Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno kwa namba 15001, bila malipo, akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili kulingana na umri wa mimba, ukiwamo wa kumkumbusha kliniki. Kadi ilibaki mkononi. Watetezi wa miadi ya mtandaoni hulipita hili haraka mno, kana kwamba kila nyumba ina simu janja na bando, na kwamba simu ni ya mama mwenyewe. Mara nyingi ni ya baba, naye yuko shamba.

Kwenye hospitali kubwa za Dar es Salaam mgonjwa anaweza kuchagua daktari na saa kupitia mtandao. Daktari bingwa ana ratiba ya kugawa. Zahanati yenye tabibu mmoja na muuguzi mmoja haina cha kugawa namna hiyo. Tabibu akiitwa semina wilayani, saa iliyochaguliwa inakufa.

Mabadiliko makubwa zaidi yamefika kwa dharura, isiyo na miadi kabisa. Mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito wenye dharura, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake kitaifa Aprili 2022, unatumia namba 115 bila malipo. Anayepokea simu anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa nauli kwa simu baada ya kumfikisha mama hospitali.