Nta Tuliyokuwa Tukiitema

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo, nacho ni nta ya nyuki.

Sisi watu wa pwani, tangu Kilifi hata Malindi, asali tumeijua zamani sana. Wagiriama walichonga mizinga ya magogo wakaitundika mitini, na ndugu zetu Waata waliifuata asali ya mwitu ndani kabisa ya msitu. Nta nayo ilikuwa mali. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii karibu mwaka wa 1516, alisema kwamba watu wa Mombasa walipata kwa watu wa bara asali, nta na pembe za ndovu. Fikirini, nta kutajwa pamoja na pembe! Makanisa ya Ulaya siku zile yalitumia mishumaa ya nta kwa wingi. Baadaye Waprotestanti wengi waliipunguza, na huenda ndiyo sababu hatukuuliza mshumaa hutoka wapi. Huu wa dukani, kwa kawaida, hutokana na mafuta ya petroli.

Sisi sega tulilitafuna, tukalitema. Tena tulilina usiku kwa mwenge wa makuti. Nyuki wakaungua, na mara nyingine moto ukaparamia majani makavu.

Basi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 400 na zaidi. Wengi waliokaa kando yake walitaka ukatwe, wapate mashamba. Hatuwalaumu, maana ndovu walitoka humo wakala mahindi yao. Mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo ulianza pale Gede, wanakijiji wakafuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa wao ng'ambo. Asali ikafuata. Nyuki huhitaji maua, na maua yamo msituni. Mwenye mizinga hapendi kuona mti ukianguka.

Mzinga tuliofundishwa ni sanduku lenye vijiti vilivyopangwa juu, na kila kijiti hubeba sega lake. Ulibuniwa nchini mwetu katika miaka ya 1970, na hata ng'ambo huitwa kwa jina la Kenya. Unainua sega moja, unapuliza moshi kidogo, makinda unayaacha. Na kwa kuwa sega hukatwa zima, nta hupatikana nyingi. Wataalamu hukadiria kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo 1 ya nta. Tuliposikia hivyo tuliona haya kwa yale tuliyoyatema.

Mara ya kwanza tuliweka sufuria moja kwa moja motoni. Mtunga Zaburi aliijua nta iyeyukayo mbele ya moto. Yetu iliungua ikawa nyeusi. Sasa tunaweka chombo ndani ya sufuria ya maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Tunaichuja kwa kitambaa, tunachovya utambi wa pamba, tunauacha upoe, tunachovya tena, mara 20 na zaidi. Mishumaa yetu ya mwanzo ilipinda kama mihogo.

Jioni moja umeme ulikatika katikati ya mazoezi ya kwaya, tukawasha mmoja. Bibi mmoja aliyeketi nyuma akanusa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hii ndiyo harufu ya mzinga wa marehemu baba yangu."