Soksi ya kuanzia vidoleni

Mwezi wa sita ukifika, Lubumbashi inakumbuka kwamba iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa mtaa wetu wa Kamalondo unauma. Mama anayeuza makala barabarani kwetu (makala ya kuchomea, si hii unayosoma) huwa na sindano tano na donge la uzi wa sufu mapajani. Kati ya mteja na mteja, soksi inaongezeka mistari miwili mitatu.

Mimi nilizoea kuona soksi ikianzwa juu, pale inapobana mguu, kisha ikishuka. Yake ilikuwa imegeuka. Nilipomwuliza, hakuinua hata macho: "Minaanziaka ku bidole, mwana wangu. Muguu njo kipimo."

Wafumaji wa Kifaransa husema wanaanza kwa ncha. Wa Kiingereza wanatumia maneno mawili tu, kidole na juu. Ukiyaleta yalivyo, umepotea. Soksi haina ncha kama mkuki, na "kidole juu" ni mtoto darasani anayeomba kujibu. "Kutoka chini kwenda juu" nayo inapotosha, maana chini ya mguu ni wayo, na hapo hakuna anayeanzia. Mama wa makala alikwisha kulimaliza suala lenyewe kwa kiambishi kimoja: kuanza ni kuanza tu, lakini kuanzia kunadai mahali. Basi hii ni soksi ya kuanzia vidoleni, na ile nyingine ni ya kuanzia mdomoni.

Anayeanzia mdomoni anafanya kazi kwa kukisia. Uzi ukimwishia karibu na vidole, hana la kufanya. Akifika salama, bado ana uwazi wa kuziba mbele, kwa mshono unaoitwa kwa jina la Kitchener, jemadari wa Omdurman mwaka 1898 na waziri wa vita wa Uingereza tangu 1914. Mtu wa mizinga, kwenye kidole cha soksi!

Anayeanzia vidoleni hauhitaji mshono huo. Anatunga vitanzi kwenye sindano mbili zilizolala sambamba, hivi vikitazama juu ya mguu, hivi chini, na tangu mwanzo hakuna tundu. Njia inayopendwa sana ya kuvitunga ni ya Mmarekani Judy Becker, iliyochapishwa katika jarida la Knitty mwaka 2006. Nasema kutunga, kama shanga. Nasema kitanzi, si mshono: mshono wa cherehani ukikatika sehemu moja, mwingine hubaki ulipo, kitanzi kimoja kikiponyoka, kinawavuta wenzake wote wa chini yake.

Hesabu si ngumu. Mguu wangu una mzingo wa sentimita 24, na uzi wangu unatoa vitanzi 3 kwa sentimita. Hiyo ni 72. Lakini soksi iliyo sawasawa na mguu hulegea na kukunjamana kiatuni, kwa hiyo napunguza kama sehemu moja ya kumi, nabaki na 64. Natunga 24, naongeza vinne kila mzunguko wa pili, na baada ya nyongeza kumi nimefika. Toka hapo ni kuzunguka tu na kuvaa, kuvaa na kuzunguka. Zikibaki sentimita tano hivi kufika nyuma, nageuza kisigino kwa mistari mifupi juu ya nusu ya vitanzi. Mwenye wayo mpana au kidole gumba kirefu hapo ndipo anapopata soksi ambayo duka halina.

Kamalondo, lakini, hatusemi kufuma. Tunasema kutrikote, neno la Wabelgiji na foye sosiali zao, ambamo wanawake walifundishwa kupika, kushona na kutrikote. Sina ugomvi nalo. Limekaa mjini kuliko wengi wetu. Ila kwetu halizai. Kufuma kunazaa: kufumua, kufumuka. Na fundi wa soksi anayahitaji maneno hayo kila wiki.

Mimi niliyahitaji mwezi wa saba. Soksi yangu ya kwanza ilienea vizuri vidoleni, kisigino kikakaa, nikapanda hadi juu ya kifundo, nikafunga vitanzi vya mdomo kwa nguvu ili visifumuke. Ikagoma kupita kisigino. Mdomo hautanuki ukifungwa hivyo, na hilo ndilo kosa la wanaoanzia vidoleni.

Nikampelekea mama wa makala. Alicheka, akatafuta mwisho wa uzi, akavuta. Ufungaji wangu wa saa nzima ulifumuka trrr, vitanzi 64 vikabaki wazi. Akavirudisha kimoja kimoja kwenye sindano, akifuta vidole vyake vyeusi kwenye kitenge kabla ya kugusa sufu, kisha akanipa sindano ya kufungia. Ilikuwa nene kuliko zangu.